Uoni Unapopungua Uzeeni: Maswali na Majibu

Swali: Mama yetu wa Kibosho hupishana na majirani bila kuwasalimia, nao wanasema ana maringo. Je, ni macho?

Jibu: Inawezekana kabisa. Mwenye mtoto wa jicho, yaani lenzi iliyopata ukungu, huona kwamba kuna mtu anakuja lakini haitambui sura yake, hasa jua likiwa mbele yake, mpaka asikie sauti. Mwamkieni kwa kutaja jina lenu. Asiposaidiwa, ataacha kwenda sokoni kwa kuogopa kukosea noti, kisha ataacha jumuiya, na hatimaye mtamwita mpweke bila kujua alikoanzia.

Swali: Mbona nyumbani hutembea vizuri, ila kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, anaanguka?

Jibu: Nyumbani anaongozwa na mazoea, kwa hiyo msihamishe kigoda bila kumwambia. Kihambani kuna miteremko na mifereji, na kingo zake hazionekani kwa jicho lenye ukungu. Presha ya macho, yaani ugonjwa wa glakoma, nayo kwa kawaida huanza kupunguza uoni wa pembeni bila maumivu, hata mtu akaweza kusoma Biblia na bado akajikwaa kwenye ndoo. Uoni uliopotea kwa ugonjwa huu haurudi. Matone au upasuaji husaidia kulinda uliobaki, ndiyo maana watoto na ndugu wa mgonjwa nao wanapaswa kupimwa.

Swali: Babu, ambaye haoni vizuri, anasema anaona watoto wamesimama chumbani, na hawapo. Amerogwa?

Jibu: Hapana. Ubongo unaokosa picha kutoka machoni huweza kujitengenezea zake. Charles Bonnet wa Uswisi alieleza hali hiyo mwaka 1760, baada ya kuiona kwa babu yake mwenyewe. Mara nyingi picha hizo hazina sauti, na mzee hujua si za kweli, ila hunyamaza akiogopa kuitwa mwendawazimu. Akisikia pia sauti, au akichanganyikiwa, daktari atafute sababu nyingine.

Swali: Si uzee tu?

Jibu: Jibu hilo limewanyima wengi matibabu. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji na kuwekwa lenzi bandia. Ugumu wa kusoma unaoanza mtu akifikia umri wa miaka 40 hivi huhitaji miwani tu. Hospitali ya KCMC, Moshi, ina idara ya macho. Mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka hata kama anaona vizuri, na yeyote anayepoteza uoni ghafla afike hospitali siku hiyohiyo, bila kutiwa dawa ya majani jichoni.