Mafuta ya sandali yanaotesha nywele kweli?

Mimi ni mfamasia na hili swali naulizwa karibu kila wiki, na stori yenyewe najua ilikotoka. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr kule Bochum, Ujerumani, walionyesha kwamba seli za ngozi zina kipokezi cha harufu, kinaitwa OR2AT4, yaani ngozi nayo ni kama inanusa hivi, na kipokezi hicho kikikutana na harufu ya sandali zile seli zinazaliana haraka na kidonda cha pale maabara kinaziba mapema. 2018 ukafuata utafiti wa vinyweleo vya binadamu vilivyotunzwa maabara, navyo vikakaa kwenye hatua ya kukua muda mrefu zaidi. Basi mitandao ikalipuka!

Tatizo ni kwamba kilichotumika ni Sandalore, harufu ya kutengenezwa kiwandani, sio mafuta ya mti. Kwa pua zinafanana, kwa kemia ni vitu viwili tofauti kabisa, kwa hiyo ukipaka sandali kichwani ukisubiri nywele mi sikukatazi, ila usije ukanidai.

Mafuta halisi yanatolewa kwa mvuke kwenye moyo wa msandali, mti ambao unachukua miaka mingi mno kukomaa ndo maana bei iko juu na ya kuchakachua ni mengi. Nguvu yake iko kwenye kemikali mbili, alfa-santaloli na beta-santaloli. Kwenye maabara mafuta haya yameonekana kutuliza uvimbe na kuzuia baadhi ya bakteria na fangasi, na kwa watu yamejaribiwa kwenye chunusi na pumu ya ngozi, matokeo yanatia moyo lakini majaribio ni madogo. Harufu yake inatuliza wengi, mimi mwenyewe hua naweka tone moja kwenye kitambaa usiku.

Kunywa hapana. Najua zamani kabla ya antibayotiki watu walimezeshwa kutibu kisonono, sasa tuna dawa.

Na usipake makavu makavu, changanya matone mawili kwenye kijiko cha chai cha mafuta ya kawaida kama ya lozi, jaribu kidogo upande wa ndani wa kiwiko, subiri siku mbili. Pakiwasha au pakiwa pekundu, osha na uachane nayo, mwenye mzio wa sandali hazoei kwa kuendelea kupaka, anaharibu zaidi.