Utambulisho wa taifa katika uchoraji wa Uskoti

Utambulisho wa taifa katika uchoraji ni namna picha zinavyowapa watu wa nchi sura ya pamoja: hawa ndio sisi, na hii ndiyo nchi yetu. Sura hiyo si lazima ilingane na hali halisi, na Uskoti inalionyesha hilo waziwazi.

Tuanze na vazi. Baada ya uasi wa 1745 dhidi ya mfalme wa Uingereza, serikali ya London iliwapiga marufuku wanaume wa Nyanda za Juu za Uskoti, yaani milima ya kaskazini, kuvaa kilt (sketi ya wanaume) na vitambaa vyao vya miraba. Marufuku hiyo iliondolewa 1782. Mwaka 1822 Mfalme George IV akazuru Edinburgh, naye akalivaa vazi lilelile! Mchoraji David Wilkie, mtoto wa mchungaji wa Fife huko Uskoti, alimaliza picha ya mfalme huyo 1829, akimchora mwembamba kuliko alivyokuwa. Vazi la waasi likawa la taifa zima, hata kwa watu wa kusini mwa Uskoti ambao babu zao hawakulijua.

Kisha ikaja milima. Katika “The Monarch of the Glen” ya 1851, kulungu dume mwenye pembe za ncha 12 amesimama kifua mbele, nyuma yake ukungu na vilele. Mtu hayumo hata mmoja. Mchoraji wake, Edwin Landseer, alikuwa mwenyeji wa London, na picha ilikusudiwa kutundikwa huko huko, bungeni.

Na watu wako wapi? Wengi walifukuzwa na wenye ardhi ili kupisha kondoo, wakavuka bahari. Thomas Faed aliwachora waliobaki, 1865, katika “The Last of the Clan” (Wa Mwisho wa Ukoo): mzee yuko juu ya farasi, amezungukwa na wanawake na watoto, wote wako gatini. Anayetazama picha ni kama yumo ndani ya meli inayoondoka. Wao ndio wanaoachwa. Kwangu mimi, hii inaieleza Uskoti kuliko pembe zozote. James Guthrie naye, 1882, alichora mazishi ya kijijini, wanaume wakiwa katika makoti meusi ya kawaida.

Lakini aliyeshinda ni kulungu. Alitangaza wiski na biskuti miaka nenda rudi, na 2017 jumba la taifa la sanaa la Uskoti lilimnunua kwa pauni milioni 4, sehemu yake ikiwa michango ya wananchi.