Mzee aliyekuwa akikaa kila baraza

Wiki iliyopita nilimpokea mzee wa Malindi, kaletwa na bintiye. Miezi kadhaa sasa, akitoka nyumbani kwenda msikitini, hapiti baraza bila ya kukaa. Majirani wakidhani anapenda mazungumzo. Kumbe kila akienda hatua mia hivi, shavu la mguu wa kushoto linambana. Akikaa dakika mbili tatu, linaachia.

"Uzee tu, mwanangu," akaniambia.

Nikamwomba avue makubadhi. Mguu ule ulikuwa baridi kuliko mwenzake, ngozi inang'aa, vinyweleo vimepukutika. Nikaweka vidole juu ya mguu, pale ambapo damu hudunda. Sikusikia kitu.

Bintiye akauliza ninaloulizwa kila siku: "Mishipa imeziba mafuta, daktari? Tumpe ndimu na thomu imsafishe?"

Picha hii ya bomba lililoganda mafuta tumeieneza sisi madaktari wenyewe, na inapotosha. Ugonjwa huu hukaa ndani ya ukuta wa ateri, mshipa unaotoa damu moyoni kuipeleka mwilini. (Nasema ateri kwa sababu huku kwetu ukitaja mshipa peke yake, mtu hudhani ngiri.) Ukuta huo umetandikwa utando mwembamba, unene wa seli moja tu. Sigara, presha na sukari huuumiza utando, lehemu (kolesteroli) aina ya LDL, ile inayodhuru, ikapenya, ikanasa na kuharibika humo. Mwili hutuma seli nyeupe za damu kwenda kuisafisha. Zinaila lehemu mpaka zinajaa kama povu, nyingi zinafia hapo hapo, na mwili unalifunika jaa hilo kwa kovu. Ukuta huvimba hapo, njia ya damu ikabanwa, na mguu wa mzee ukakosa damu ya kutosha akitembea. Baadaye kalsiamu nayo hujikusanya, ukuta ukakakamaa.

Aliyeishi nyumba ya mawe Mji Mkongwe anayajua haya. Chumvi na unyevu vikishaingia ukutani, lipu huvimba kutoka ndani, na hata ukifagia uchochoro kutwa mara tatu, lipu haitarudi mahali pake. Ndimu na thomu ni viungo vizuri vya mchuzi.

Na haya hayaanzi uzeeni. Mwaka 1953 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mioyo ya wanajeshi 300 waliouawa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa kama miaka 22, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa tayari na alama za ugonjwa huu katika ateri za moyo.

Linalonitisha zaidi ni kwamba uvimbe unaoua mara nyingi si ule mkubwa kuliko yote. Uvimbe mdogo wenye kovu jembamba unaweza kupasuka ghafla, damu ikagandia juu yake na kuifunga njia kwa dakika chache. Ikiwa ni kwenye moyo, huo ni mshtuko wa moyo. Ikiwa ni kwenye ubongo, kiharusi. Ndiyo maana mtu huanguka leo na jana alikuwa mzima akicheza bao.

Mzee wangu ni mwembamba kama mlingoti, na wembamba haukumkinga. Amevuta sigara tangu alipoanza safari za jahazi akiwa na miaka 16. Presha yake ilikuwa 176 kwa 98, na hakuwahi kupimwa. Umri na urithi hatuwezi kuvibadilisha, lakini hayo mawili tungeyashughulikia miaka thelathini nyuma. Tui la nazi nalipenda kama mnavyolipenda, ila mafuta yake hupandisha LDL. Anayekula wali wa nazi kila siku ajue hivyo.

Nimemwandikia atorvastatini ya kushusha lehemu, aspirini na dawa ya presha, na sigara aache siku hiyo hiyo. Kisha nikamwambia atembee. Bintiye akashtuka. Atembee mpaka mguu umbane sana, akae, ukiachia ainuke tena, nusu saa au zaidi, angalau mara tatu kwa wiki. Misuli hujifunza kuitumia vyema damu kidogo inayoifikia, na kwa miezi kadhaa masafa yanaongezeka.

Bintiye ndiye anayeweka hesabu. Kutoka mlangoni mpaka msikitini, kwa sasa anakaa mara sita.