Adhabu ni ipi hasa? Tusichanganye kifungo na mateso

Jamani hili tuliweke sawa maana limesemwa vibaya mara nyingi mno. Kuna riwaya inazunguka sana hapa Dodoma saivi, watu wanaazimana mpaka jalada limechanika, na kila mjadala ukifika ile sura ya gerezani lazima mtu aseme "si ndo adhabu yenyewe, kwani jela ni hoteli?"

Adhabu ni kile ambacho mahakama imetamka baada ya kumtia mtu hatiani. Basi. Hakimu akisema miaka mitano jela, adhabu ni miaka mitano ya kukosa uhuru, yaani hutoki, huoni wanao wakikua, hupangi siku yako mwenyewe. Hakuna hakimu anayesoma hukumu halafu akaongeza kwamba ulale ubavu mmoja mpaka asubuhi na ukiugua usipate dawa. Hayo hayamo kwenye hukumu, kwa hiyo yakimkuta mtu humo ndani tuyaite mateso.

Halafu kuna kitu wasomaji wengi wanakiruka kabisa, yule kijana wa kwenye riwaya ni mahabusu. Kila tarehe ya kesi karandinga linampeleka mahakamani linamrudisha, upelelezi bado haujakamilika, na usiku wamebanana selo moja kiasi kwamba mmoja akitaka kugeuka mstari mzima unageuka naye. Sasa huyo anatumikia adhabu gani? Hana. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba yetu inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba analo. Mfungwa ana adhabu, mahabusu hana, na sisi tukisema "kafungwa" kwa wote wawili tunakuwa tumeshamhukumu mtu ambaye hakimu hajamhukumu.

Ibara hiyohiyo kipengele (e) inapiga marufuku mtu kuteswa, kuadhibiwa kinyama au kupewa adhabu zinazomtweza au kumdhalilisha. Haisemi "isipokuwa mwizi". Na kipengele (d) kinataka heshima ya mtu itunzwe hata akiwa chini ya ulinzi, hata wakati adhabu yake inatekelezwa.

Sisi wa Dodoma tulipaswa kulijua hili kuliko wengine, maana maneno hayo yalipimwa hapahapa. 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, akiwa Dodoma, aliamua kwamba adhabu ya kifo ni ya kinyama, inamtweza mtu na inakwenda kinyume na Katiba, na hakuishia kwenye kitanzi tu, aliangalia pia jinsi aliyehukumiwa anavyokaa muda mrefu humo ndani akisubiri. Washtakiwa akawapa kifungo cha maisha. 1995 Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo, na watu wanapenda kuishia hapo. Lakini Rufani nayo ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kinyama na inatweza! Ilichosema ni kwamba ibara ya 30(2) inairuhusu kwa maslahi ya umma. Kwa hiyo hata pale serikali iliposhinda, hakuna jaji aliyesema mtu akishapatikana na hatia utu wake umekwisha.

Wenzetu Marekani nao yaliwafika. Magereza ya jimbo la California yalijengwa kwa watu kama 80,000 yakawa yanabeba karibu mara mbili, kuna mahali choo kimoja kilitumiwa na watu mpaka 54, wagonjwa wanakufa kwa kukosa matibabu. 2011 Mahakama ya Juu, majaji 5 dhidi ya 4, ikabariki amri ya kupunguza watu mpaka asilimia 137.5 ya uwezo wa magereza, yaani hata baada ya amri bado wangekuwa wamezidi. Waliokuwa wanalindwa pale ni watu wenye hatia kabisa, na mahakama haikusema hawakukosa.

Najua anayesema "acha ateseke" mara nyingi ameumizwa, pengine aliyeibiwa ni mama yake au aliyeuawa ni ndugu yake, na uchungu huo simbishii. Ila kama unaona miaka mitano ni michache kwa alichofanya, sema tu kwamba ni michache. Upande wa mashtaka unaweza kukata rufaa kuomba iongezwe, na huko ndiko inakoongezwa, siyo selo.