Kifaa cha Moyo Kikitolewa Onyo la Usalama: Maswali ya Wagonjwa

Nimesikia aina ya kifaa nilichowekewa kifuani ina kasoro. Kitatolewa?

Mara nyingi hapana. Onyo hutolewa kwa toleo zima, lakini vinavyoharibika kweli huwa vichache. Mwaka 2007 kampuni ya Medtronic ilisitisha usambazaji wa Sprint Fidelis, nyaya zinazounganisha moyo na kifaa cha kuupiga shoti unapoenda mbio vibaya (ICD), kwa sababu zilionekana kukatika ndani ya mwili. Nyaya zipatazo 268,000 zilikuwa zimeshawekwa duniani, na wengi waliachiwa zao, wakafuatiliwa kwa karibu. Mwaka 2017 pesimeka (vifaa vya kuongoza mapigo ya moyo) kama 465,000 nchini Marekani zilihitaji programu mpya ya kuzuia wadukuzi: dakika kama 3 kliniki, bila kisu.

Kwa nini wasiutoe tu waya wenye kasoro, yaishe?

Waya uliokaa miaka mingi hushikana na mshipa na ukuta wa moyo. Kuung'oa kunaweza kuchana mshipa.

Tangu nipate habari hii sipati usingizi. Ni mimi tu?

Si wewe tu. Tafiti kadhaa zilizolinganisha wenye vifaa vilivyoonywa na wenye vingine hazikuona, kwa wastani, tofauti kubwa ya wasiwasi au sonona. Huo ni wastani, na ndani yake wapo wanaoteseka sana, hasa waliowahi kupigwa shoti na kifaa chenyewe, shoti ambayo wengi huielezea kama teke la punda. Waya uliokatika hutuma kelele za umeme. Kifaa hudhani moyo umeenda mbio vibaya, kikampiga mtu aliye mzima, pengine akiwa anapanda ngazi tu. Baada ya hapo ngazi huogopwa, mazoezi huachwa, hata tendo la ndoa. Wengine hushtuka usiku wakiapa wamepigwa, lakini kumbukumbu ya kifaa ikisomwa hamna kitu. Hilo linajulikana kitabibu, wala si wazimu.

Kwa maoni yangu, mengi hutegemea habari imefikaje. Barua yenye neno "hatari" isiyo na namba ya kupiga humtesa mtu kuliko kasoro yenyewe.

Nimuulize nini daktari?

Nenda na kadi ya kifaa chako. Uliza kama toleo lako hasa limo, kikiharibika kitaharibika vipi, na kama moyo wako unakitegemea kwa kila pigo, maana hilo ndilo hubadilisha uamuzi. Uliza pia kama kifaa chako hulia au kutetema kinapogundua tatizo, na uombe usikilizishwe mlio huo. Na usingizi uliopotea utaje kama dalili nyingine yoyote: ushauri nasaha husaidia.

Kikinipiga shoti?

Mara moja na unajisikia vizuri, pigia kliniki siku hiyo hiyo. Zikifuatana mbili au zaidi, au ukizimia, kukosa pumzi au kuumwa kifua, nenda hospitali papo hapo, na usiendeshe gari mwenyewe.