Risasi kamili: ganda la shaba lilivyoibadilisha bunduki katika karne ya 19

Katika mazungumzo ya kawaida, risasi ni kile kipande cha madini kinachoruka, na pia ni kile kitu kizima kinachopakiwa kwenye bunduki. Hapa tunazungumzia kitu kizima, na ili tusichanganyikiwe nitakiita risasi kamili. Ina vitu vinne: kichwa kinachoruka, baruti inayokisukuma, fataki inayoiwasha baruti, na ganda linalovishika vyote hivyo pamoja. Mwaka 1800 vitu hivi vilikuwa bado mbalimbali, na kuviunganisha kulichukua sehemu kubwa ya karne. Historia ya silaha husimuliwa kwa majina ya bunduki, lakini kwa maoni yangu mapinduzi yenyewe yalitokea kwenye risasi. Bunduki zilifuata nyuma.

Askari wa Ulaya wa mwaka 1800 alibeba bunduki ya gumegume, iliyowashwa kwa cheche za jiwe, na kifurushi cha karatasi chenye baruti na golori ya madini ya risasi. Aliking'ata kwa meno, akamwaga baruti kidogo kwenye kifa, kile kisahani cha kando ya mtutu, iliyobaki akaimimina mtutuni, akatia golori juu yake na kushindilia kwa mdeki, ule ufito wa kusukumia. Aliyezoea kazi aliweza kupiga mara tatu kwa dakika. Kazi hiyo ilimlazimu asimame, kwa sababu kushindilia mtutu mrefu ukiwa umelala ni shida kubwa. Tena mvua ikinyesha, baruti ya kifani ililowa na bunduki ikabaki kuwa rungu.

Tatizo la moto ndilo lililotatuliwa kwanza. Alexander John Forsyth, mchungaji wa kanisa huko Belhelvie, Scotland, alipenda kuwinda ndege, na ndege walikuwa wakiuona mwako wa kifani na kuruka kabla risasi haijatoka. Akatafuta kemikali zinazolipuka zikigongwa tu, na mwaka 1807 akapata hataza ya mtambo wake. Kufikia miaka ya 1820 kemikali hizo zilikuwa zikiwekwa ndani ya vikofia vidogo vya shaba nyekundu vilivyovikwa kwenye chuchu ya bunduki. Hizo ndizo fataki. Mtu aliyewahi kuliona gobore la mwindaji wa kijijini ameuona mtambo wa aina hiyo ukiendelea kufanya kazi.

Hata hivyo fataki ilikuwa bado nje ya risasi. Jean Samuel Pauly, Mswisi aliyefanya kazi Paris, aliiingiza ndani mwaka 1812: risasi yake ilikuwa na kitako cha madini chenye kemikali ya kuwashia, nayo ilipakiwa kwa nyuma ya mtutu. Majeshi hayakuipokea. Lakini katika karakana yake alipita fundi mmoja kutoka Prussia, dola ya Kijerumani, Johann Nikolaus von Dreyse, ambaye baadaye alitengeneza bunduki ya sindano. Risasi yake ilifungwa kwa karatasi, na fataki ilikaa katikati, kwenye kitako cha kichwa. Pini ndefu kama sindano ilitoboa karatasi, ikapenya baruti na kuigonga fataki. Prussia iliipitisha mwaka 1841. Katika vita vya mwaka 1866 dhidi ya Austria, vilivyofikia kilele chake Königgrätz, Waprussia walipakia wakiwa wamelala chini huku Waaustria wakisimama na mideki yao.

Karatasi lakini haizibi kitu. Kila mlipuko, gesi ya moto ilivuja kwa nyuma, upande ulipo uso wa mpigaji, na sindano iliyokaa katikati ya baruti inayowaka iliungua na kukatika. Wafaransa walijaribu kuziba kwa pete ya mpira kwenye bunduki yao ya Chassepot ya mwaka 1866. Ilisaidia, lakini mpira na moto havikai pamoja muda mrefu.

Karatasi ilikuwa na balaa lake jingine pia, nalo lilitokea India. Kifurushi cha bunduki mpya ya Enfield kilipakwa mafuta, na kati ya askari Wahindi wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ukaenea uvumi kwamba mafuta hayo yalitokana na ng'ombe na nguruwe. Kwa kuwa kifurushi kiling'atwa, Mhindu na Mwislamu walikwazika kwa pamoja. Huko Meerut askari 85 walikataa kuzipokea risasi hizo, wakafungwa jela, na Mei 1857 uasi ukalipuka. Wakubwa walikuwa wamekwisha kuruhusu karatasi ichanwe kwa mkono, lakini muda ulikuwa umepita. Uasi ule ulikuwa na sababu nyingi, kuanzia ardhi na kodi hadi dharau, na ni makosa kuubebesha mafuta peke yake. Ila sijui vita vingine ambavyo ufungashaji wa risasi ulikuwa na uzito wa kisiasa kiasi hicho.

Sasa tufike kwenye ganda lenyewe. Ganda la madini halikuwekwa ili kubeba baruti tu, maana hata karatasi inabeba. Baruti inapowaka, gesi husukuma kila upande, na ukuta mwembamba wa ganda hutanuka na kukandamiza ukuta wa chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, kama kile kikombe cha ngozi kilichomo ndani ya pampu ya baiskeli. Gesi inakosa njia ya nyuma, nguvu yote inaelekea kwenye kichwa. Mara kichwa kinapotoka mtutuni, msukumo unashuka, ganda linanywea kidogo na kuachia, na ndoano inaweza kulivuta nje. Kwa maneno mengine, kazi ngumu ya kuziba ilitoka kwenye bunduki ikahamia kwenye kitu kinachotumika mara moja na kutupwa. Fundi wa bunduki hakuhitaji tena kuunda mlango wa nyuma usiopitisha hewa. Ilitosha mlango usifunguke.

Njia za kuwasha ganda hilo zilishindana. Mfaransa Casimir Lefaucheux, katika miaka ya 1830, alitumia kipini kilichochomoza ubavuni mwa risasi. Nyundo ikikigonga, fataki ya ndani inalipuka. Ubaya ni kwamba kipini kile kiligongwa na chochote, hata mfukoni. Mfaransa mwingine, Louis-Nicolas Flobert, mwaka 1845 alitoa risasi ndogo ambayo pini huigonga kwenye ukingo. Smith & Wesson wa Marekani waliifuata njia hiyo mwaka 1857, na uzao wa risasi yao ndogo ya .22 bado unauzwa duniani kote. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, bunduki za Spencer na Henry zilipiga mfululizo kwa risasi za aina hiyo. Lakini ukingo lazima uwe mwembamba ili pini iuponde, na ukingo mwembamba hauhimili baruti nyingi. Risasi kubwa za vita zilihitaji ganda lenye kitako kinene na fataki iliyopachikwa katikati yake.

Hilo lilikamilika mwaka 1866 pande mbili za Atlantiki: Edward Boxer katika maabara ya kijeshi ya Woolwich, Uingereza, na Hiram Berdan huko Marekani. Tofauti yao ni ndogo. Fataki ikigongwa inahitaji kijifuawe cha kuipokea; Boxer alikiweka ndani ya fataki, Berdan akakifanya sehemu ya ganda. Kichekesho ni kwamba fataki ya Mwingereza ndiyo iliyotawala Marekani, na ile ya Mmarekani ikaenea Ulaya.

Ganda la kwanza la Boxer lilikuwa utepe mwembamba wa shaba ya manjano uliozungushwa na kubanwa kwenye kitako cha chuma. Lilitumika kwenye bunduki ya Waingereza ya Snider, kisha kwenye Martini-Henry iliyopitishwa mwaka 1871. Katika joto na mchanga wa Sudan, kwenye mapigano ya Abu Klea ya Januari 1885, maganda yaling'ang'ania ndani ya chemba na kuchanika yalipovutwa, na askari wakabaki na bunduki zilizoziba huku wapiganaji wa Mahdi, kiongozi wa uasi wa Sudan, wakiwa mbele yao. Suluhisho lilikuwa ganda la kipande kimoja: kisahani cha shaba ya manjano husukumwa kwa mashine hatua kwa hatua hadi kiwe kikombe kirefu, na katikati ya hatua hupashwa moto kisipasuke. Bombomu la Maxim, bunduki ya kupiga mfululizo yenyewe iliyobuniwa mwaka 1884, lisingewezekana bila risasi imara zinazofanana moja kwa moja.

Ilibaki baruti. Ile nyeusi ya zamani ilitoa wingu la moshi na kuacha masizi mtutuni. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille akapata baruti isiyo na moshi, yenye nguvu zaidi, na mwaka 1886 Ufaransa ikatoa bunduki ya Lebel ya milimita 8, wakati iliyotangulia ilikuwa ya milimita 11. Kwa mwendo huo mpya kichwa cha madini laini ya risasi kilikwaruzwa na mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu, hivyo kichwa kikavikwa koti la madini magumu zaidi, wazo ambalo Mswisi Eduard Rubin alikuwa amelifanyia kazi tangu 1882. Risasi ya leo haijaondoka mbali na hapo.

Afrika Mashariki iliuonja upande wa pili wa maendeleo haya. Baruti nyeusi na golori vinaweza kutengenezwa na kusubiwa kijijini. Ganda la shaba na fataki yake vinataka kiwanda. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, ila ukaacha mlango kwa bunduki za gumegume na baruti ya kawaida. Mwaka uliofuata Wahehe walikiangamiza kikosi cha Wajerumani pale Lugalo na kuteka bunduki nyingi, lakini hakukuwa na mhunzi wa Uhehe ambaye angeweza kuzitengenezea risasi.

Baadaye Wajerumani wenyewe walibanwa vivyo hivyo. Mwaka 1914, kwenye mapigano ya Tanga, askari wao wengi walikuwa bado na bunduki ya mwaka 1871 yenye baruti ya moshi, ambao ulionyesha walipojificha. Meli ya Rubens iliwaletea silaha mpya mwaka 1915, ikapigwa na Waingereza katika ghuba ya Manza, na risasi zilizolowa maji ya chumvi ikabidi zifunguliwe, zikaushwe na kufungwa upya kwa mkono. Novemba 1917, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alipovuka mto Ruvuma na kuiteka ngome ya Wareno ya Ngomano, sehemu kubwa ya kikosi chake ilichukua bunduki za Wareno pamoja na risasi zake, na zile za zamani zikaharibiwa hapohapo.