Je, wimbi la pili la janga huwa jepesi?

Wengi tumesikia kwamba ugonjwa wa mlipuko ukirudi mara ya pili huja umechoka: watu wameshapata kinga, madaktari wameuzoea, kwa hiyo nchi iliyovuka wimbi la kwanza imeshavuka. Hoja ina mantiki. Kinga ipo kweli, na uzoefu husaidia.

Ila mambo hayakwenda hivyo kila mara. Homa ya mafua ya mwaka 1918 iliwapata wengi mapema mwaka huo wakaugua na kupona. Iliporudi kati ya Septemba na Novemba ndipo ilipoua zaidi. India nayo ilivuka wimbi la kwanza la UVIKO-19 mwaka 2020, kisha Mei 2021 ikarekodi wagonjwa wapya zaidi ya 400,000 kwa siku, na oksijeni ikaadimika hospitalini. Virusi hubadilika, kinga hupungua, na wimbi la kwanza huacha wengi ambao halikuwagusa. Halafu watu huchoka kujihadhari, jambo la kibinadamu kabisa.

Takwimu zikitangazwa, chukua kalamu. Wagonjwa 50 kati ya 1,000 waliopimwa ni asilimia 5. 100 kati ya 2,000 bado ni asilimia 5, hivyo huenda kilichoongezeka ni upimaji tu. Lakini 200 kati ya 1,000 ni asilimia 20: hapo ugonjwa unasambaa. Tazama pia idadi ya waliolazwa. Vifo hufuata wiki kadhaa baadaye, kwa hiyo vikiwa vichache mwanzoni, bado ni mapema kutulia.